Muhula Niliomwita Mama Shangazi

Machi 4

Leo mama yangu amekufa, saa nne asubuhi, katika ofisi yenye zulia, mbele ya watu watatu na jagi la maji. Aliyemuua ni Mjomba, mdogo wake wa tumbo moja. Wakati huohuo mama mwenyewe alikuwa kwenye chumba cha dobi cha hoteli anayofanyia kazi, ananyoosha mashuka ya wageni, mzima wa afya, hana habari ya msiba.

Naandika kwa sababu sina wa kumwambia.

Ni hivi. Mwaka wa kwanza wa ufamasia mama aliulipia kwa kuuza friji na cherehani, na kwa mkopo wa kazini ambao bado wanamkata mshahara mpaka leo. Mwaka huu wa pili hakuna kilichobaki cha kuuza ila sisi wenyewe. Ofisi ya mikopo ya wanafunzi ilinikataa kwa sababu nina "mzazi mwenye ajira rasmi". Ajira rasmi! Wangeuona mkono wake wa kulia ulivyojaa makovu ya pasi, wangejua huo urasmi uko wapi. Ruzuku ya chuo ni ya wale wanaoongoza darasa, nami sikuongoza, nilifaulu tu kama watu. Nikajaribu kibarua kwenye duka la fotokopi, nilicholipwa kilitosha nauli ya kukifuata. Akabaki Mama Mfadhili, mjane mwenye maduka ya vifaa vya ujenzi, ambaye ana mfuko wa kusomesha watoto wa watu.

Nilikwenda na Mjomba kwa sababu mama hakupata ruhusa, na kwa sababu Mjomba ni dalali wa nyumba na mdomo wake haujawahi kukwama. Huyu ni mtu anayeweza kukuonyesha chumba kinachovuja akakiita chumba chenye hewa safi. Tukiwa kwenye benchi ndipo karani wa mfuko akatuambia kwamba wanapokea yatima tu. Nikainuka niondoke. Mjomba akanivuta gauni nikakaa.

"Wazazi wako wako wapi, binti?" Mama Mfadhili akaniuliza tulipoingia.

Nikafungua kinywa. Mjomba akaniwahi.

"Hana, mama. Baba hana, mama hana. Analelewa na shangazi yake, naye ndiyo hivyo tena, anabangaiza."

Kuhusu baba sina ugomvi. Alikwenda kutafuta maisha nikiwa mchanga, na nadhani aliyapata, maana hakurudi. Lakini mama! Nilisubiri mdomo wangu useme kitu, haukusema. Mama Mfadhili akavua miwani, akafuta macho. "Mimi pia, mwanangu. Wangu alikufa sijaota hata meno. Mpaka leo sijui walimzika wapi."

Basi hapo Mjomba angenyamaza. Lakini dalali akiona mteja analegea lazima aongeze sifa. "Huyu wetu angalau ana bahati," akasema. "Mama yake amelala hapahapa mjini. Hatupitishi Jumapili bila kumpalilia."

Najisikia mchafu. Nimeoga na bado najisikia hivyo.

Machi 5

Mjomba alimweleza mama mwenyewe, huku anacheka. Nilitegemea mama angemtoa nje na viatu vyake mkononi. Mama aliuliza neno moja tu.

"Wamekubali?"

"Wamekubali, dada. Nusu sasa hivi, nusu wakishakuja kuona nyumbani, kabla ya mitihani ya Juni."

"Haya. Basi nimekufa," mama akasema, akaenda kuepua sufuria.

Wepesi ule umeniuma kuliko uongo wa Mjomba. Nilimuuliza Mjomba kwa nini asiseme basi nalelewa na mama mdogo, angalau neno lenyewe lingebaki mdomoni mwangu. "Mama mdogo si angekuwa dada yangu?" akasema. "Wangeniuliza mimi ndugu yake nasaidia nini. Shangazi ni wa upande wa pili huko, mtu haulizwi." Hata kwenye kuua mtu, dalali anaangalia kwanza mlango wa kutokea.

Machi 9

Mvua zimeanza. Dirisha la hosteli halifungi.

Machi 17

Nusu ya ada imeingia. Mhasibu wa chuo, ambaye mwezi uliopita alikuwa anaongea na mimi huku anaangalia feni, leo ameniambia "karibu tena".

Mwenzangu wa chumba tunamwita Kimya, kwa sababu huongea anapotaka yeye. Kimya hana baba wala mama, kwelikweli, tangu akiwa shule ya msingi. Leo ndiyo nimejua kwamba na yeye aliomba kwenye mfuko uleule. Mfuko unachukua mmoja kila darasa. Alikwenda peke yake, bila mjomba.

"Waliniuliza nikajibu," akasema. "Labda sikulia vizuri."

Nikajifanya natafuta kalamu chini ya kitanda.

Machi 30

Karani wa mfuko hupita hosteli siku yoyote anayojisikia, na nusu ya wasichana wa korido hii wanamjua. Kwa hiyo kwenye simu namwita mama Shangazi. Mara ya kwanza alicheka mpaka akakohoa. "Sema, binti wa kaka yangu!" Mara ya pili alicheka kidogo. Leo nimepiga, na kabla sijatamka kitu akasema mwenyewe, "Shangazi yako hapa."

Anazoea. Nilitaka asizoee. Nimekasirika siku nzima, na mtu wa kumkasirikia simjui.

Aprili 6

Nilikuwa na homa tangu jana. Nimelala, simu sikioni, akapokea, nikasema "Mama". Ilitoka yenyewe.

Hakuniuliza naumwa nini. Aliuliza, "Uko peke yako?"

Sikuwa peke yangu. Kimya alikuwa amekaa kitandani kwake anakata kucha. Nilipokata simu akasema, bila kuinua kichwa, "Shangazi yako ndiyo mama yako?"

Nikasema ndiyo. Nikasubiri anitukane. Nilijua akitembea hatua chache mpaka ofisi ya mlezi wa wanafunzi, nafasi yangu inakuwa yake, na angekuwa na haki. Kimya akamalizia kucha, akazikusanya kwenye karatasi.

"Mimi ningekuwa naye," akasema, "ningemwita hata paka, mradi aitike."

Akageukia ukutani. Hajamwambia mtu na najua hatamwambia. Ningefurahi kama angesema.

Aprili 12

Jaribio la famakolojia. Nimefanya vizuri. Mvua.

Aprili 20, Jumapili

Nimekwenda nyumbani, na kama kila Jumapili mama akanichukua twende kwa Dada.

Dada alikufa kwa homa akiwa na miaka saba, mimi nikiwa na miwili. Simkumbuki. Namwita Dada ingawa nimeshampita umri zamani, na sijui nitamwitaje nikizeeka. Kaburi lake liko makaburi ya nyuma ya mji, halina jiwe wala jina. Mama hakuwahi kuwa na pesa za mwashi. Amelizungushia mawe ya mviringo aliyoyaokota mtoni, moja baada ya jingine, akiyabeba kwenye mkoba wake wa kazini, na kichwani amepanda mti mdogo wa maua meupe. Mvua ilikuwa imeleta tope na kuyasukuma mawe. Mama akapiga magoti akayarudisha, huku anaongea. "Umelala vizuri, mwanangu? Mvua hii nayo. Sogea kidogo nikutengenezee."

Ile sauti hajawahi kuitumia kwangu. Kwangu mimi ana sauti ya kunihimiza, vaa, soma, kula, wahi. Tangu mdogo nimekuwa namwonea Dada wivu, ni ujinga lakini ndivyo ilivyo. Yeye hahimizwi.

Njiani nikamwambia Mama Mfadhili anakuja Mei 8.

"Shangazi huwa wanavaaje?" akaniuliza.

Sikucheka. Akacheka peke yake.

Aprili 29

Mvua. Viatu vyangu vimeoza. Kimya ameitwa na mhasibu mara mbili wiki hii.

Mei 8

Wamekuja, wameondoka. Niandike yote kabla sijayapunguza.

Nilipofika asubuhi nilikuta ukuta wa sebuleni una misumari mitupu. Mama ameshusha picha zote alizonipakata, amezifunga kwenye shuka na kuzisukuma chini ya kitanda. Imebaki yangu ya sare ya shule, peke yangu, nimenuna. Kweli nilifanana na yatima.

Mama Mfadhili aliingia na karani wake mwenye kamera. Mjomba alikuwa amefika mapema, ana koti, na akawa anamwita dada yake "shemeji". Shemeji karibisha wageni, shemeji leta viti. Mama akawa anaitika vizuri tu. Mama Mfadhili akatuangalia, mimi na mama, akatabasamu. "Mnavyofanana na shangazi yako! Mpaka mdomo."

"Damu ya baba hiyo, mama," Mjomba akasema. "Ina nguvu sana."

Jambo moja liliniuma nikakosa pa kulipeleka. Mama Mfadhili alikuwa anamwita mama yangu "mama", kama watu wote wanavyomwita mwanamke wa makamo. Mama, nyumba ni ya kupanga? Mama, una muda gani kazini? Karani naye, mama hiki, mama kile. Muuza mkaa anaruhusiwa, mlinzi wa hoteli anaruhusiwa, mpita njia anayeuliza njia anaruhusiwa. Katika chumba kile nilikuwa mtu pekee niliyekatazwa.

Kisha akauliza, "Marehemu alikuwa mtu wa namna gani?"

Mjomba akajiandaa kuongea. Mama akamwahi, na nadhani ni mara ya kwanza katika maisha yao.

"Alikuwa na hasira za haraka," mama akasema. "Akimpiga huyu mtoto, analia yeye. Alikuwa anapenda kuimba na hajui kuimba. Alitaka kusomea uuguzi. Alipata nafasi kabisa, na barua anayo, kwao wakasema hawana kitu, wakamwoza. Hakuwahi kulalamika, lakini alikuwa hapiti karibu na kile chuo, anazunguka barabara ya nyuma hata kama amechelewa." Akaangalia mikono yake. "Kitu alichokuwa anakiogopa ni kwamba na huyu atakuja kusimama anyooshe mashuka ya watu. Kingine chochote alikuwa hakiogopi."

Mimi haya sikuwa nayajua. Nimeishi naye miaka yote hii, nikamwona anazunguka barabara ya nyuma nikidhani anakwepa jua. Ilibidi afe ndipo aniambie.

Mama Mfadhili akawa analia waziwazi. Akainuka. "Nipelekeni kwake," akasema. "Huyu bwana alisema yuko hapahapa."

Mdomo wa Mjomba, ambao haujawahi kukwama, ukakwama. Aliangalia dari, aliangalia viatu vyake. Akasema mvua hii, mama, na tope lile. Mama Mfadhili akasema amekuja na viatu vya kuchafua. Nikamwona mama anavaa kandambili zake polepole, moja, ya pili. "Twendeni," akasema.

Nilidhani atatupeleka kwenye kaburi lolote. Makaburi yako mengi pale, yasiyo na jina wala mwenyewe. Akapita hayo yote. Akaenda mpaka kwenye mawe ya mviringo, akasimama. "Ni hapa."

Mama Mfadhili akapiga magoti kwenye tope na gauni lake zuri. Akaweka maua. Akaniita nipige magoti pembeni yake, nikapiga. "Mwite, mwanangu," akaniambia. "Mwambie umekuja. Mimi sijawahi kupata nafasi hiyo."

Nikasema, "Mama."

Nyuma yangu nikasikia mama akivuta pumzi kama mtu anayetaka kuitika. Akaifanya kikohozi. Karani akapiga picha.

"Mtoto lazima ajue mama yake amelala wapi," Mama Mfadhili akasema tukirudi. "Si mawe ya kuokota haya. Mvua zikikatika namleta fundi wangu, tunamjengea, tunaweka na jina lake. Msinikatalie."

"Tunashukuru, mama," mama akasema.

Wageni walipoondoka nilimwambia mama basi, tuseme ukweli. Nitaacha chuo. Nitafute kazi yoyote, hata hapo hotelini kwake. Akanipiga kofi, la kwanza tangu nivunje ungo. Safari hii hakulia.

"Nimekufa bure?" akasema. "Unataka niwe nimekufa bure?"

"Lakini lile ni kaburi la Dada, mama. Wataandika jina lako kwenye kaburi la Dada."

Akakaa. Akavua kandambili zenye tope.

"Dada yako sikuwahi kumlipia ada," akasema. "Hakuniomba hata kalamu, alikufa kabla. Mwache na yeye amchangie mdogo wake."

Mei 9

Nimerudi chuoni. Shavu haliumi tena. Mimi niliyeandika humu kwamba amekubali kwa wepesi, kwamba anazoea, ningezichana kurasa zile. Naziacha, zinisute.

Mei 15

Kimya ameondoka. Mhasibu amekataa kumpa kadi ya mtihani bila kumaliza ada, na kitanda cha hosteli ni cha wenye kadi. Nilimsaidia kufunga mizigo. Si mingi. Alinipa kitabu chake cha famakolojia, akasema kwake kitamzidi uzito.

Nilimwambia nisamehe. Akaniuliza nisamehewe nini, kuwa na mama? Akanishika bega, akaenda kusubiri gari kwenye mvua. Somo hilo alikuwa analifahamu kuliko sisi wote darasani. Anakwenda kuuza vocha kwa shangazi yake, wa kweli.

Mei 16

Kitanda chake wamempa mwingine. Anakoroma.

Mei 27

Mvua zimekatika. Sijawahi kuchukia jua namna hii.

Juni 2

Fundi alikwenda nyumbani jana kuchukua jina na tarehe. Mama amenisimulia kwenye simu. Jina alimpa lake lote, matatu, kwa sababu ndilo lililo kwenye cheti changu cha kuzaliwa na karani ana nakala. Mwaka wa kuzaliwa akampa wake. Tarehe ya kufa ikamkwamisha, fundi akasubiri huku penseli iko sikioni.

"Ukampa ipi?" nikamuuliza.

"Ya Dada yako," akasema. "Angalau hiyo ibaki yake."

Juni 10

Kaburi limekwisha. Karani alitukusanya asubuhi kwa ajili ya picha. Zege safi, vigae vyeupe, jiwe jeusi lenye maandishi ya dhahabu. Mti wa maua wameukata kwa sababu mizizi ingepasua vigae. Mawe ya mviringo wameyatupa kando ya ukuta pamoja na mifuko mitupu ya saruji. Jina la Dada halipo popote. Halikuwahi kuwepo, lakini kabla ya leo hapakuwa na jina la mtu mwingine.

Mjomba alizunguka akagongagonga vigae kama anayetafuta mpangaji. "Kazi safi hii. Hapa hata mimi nalala."

"Umechelewa," mama akamwambia. "Mimi nimeshawahi nafasi."

Mjomba akaangua kicheko. Kisha akamwangalia dada yake vizuri, kicheko kikamfia mdomoni. Alivua koti lake, sijui kwa nini, akasimama nalo mkononi.  Nimemchukia muhula mzima, na leo nilimwona ni mwanaume mdogo mwenye koti kubwa. Hainisaidii kitu.

Juni 11

Nusu ya pili imeingia. Mhasibu amenigongea muhuri: ada imekamilika. Nimepewa kadi ya mtihani. Picha yangu juu yake imenuna, ileile ya ukutani.

Juni 12 na 13

Mitihani.

Juni 15, Jumapili

Nimekwenda nyumbani. Mama alikuwa ameshavaa, ana jembe dogo na chupa ya maji kama kawaida. Tukaenda.

Hakuna pa kulima. Alitembea kuzunguka vile vigae, akatafuta jani, hakuna. Akamwaga maji kidogo pale mti ulipokuwa, yakatiririka juu ya zege yakaishia pembeni. Akaweka jembe chini. Jiwe jeusi lilikuwa linang'aa, na yeye akawa anajiona ndani yake, uso wake juu ya jina lake. Nilisubiri aanze kuongea na Dada. Alifungua mdomo, akaliangalia lile jina, akaufunga.

Akakaa kwenye ukingo wa vigae, mikono juu ya magoti. Sijawahi kuiona mikono ya mama bila kazi. Ule wa kulia ulikuwa unakwangua kigae kwa ukucha, taratibu, kama vile kuna kitu kimeshika pale.

Nilikwenda kando ya ukuta nikatafuta mawe ya mtoni kwenye kifusi. Niliyapata matano, mengine yamefunikwa. Nikayaweka miguuni pake. Hakuyagusa.

Makaburi yote yalikuwa matupu, hakuna mtu, si karani wala kamera. Nikapiga magoti mbele yake, nikamshika mkono.

"Mama," nikasema.

Aligeuka kwanza akaangalia nyuma, upande wa barabara, kisha upande wa geti. Alipoona hakuna mtu, ndipo akaitika.